Sura ya Sita: Mti Usioenea Kwenye Picha

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, Julai 2023, jioni ya kwanza alitaka kuona picha zangu. Nilimtandazia mezani picha arobaini na kitu za msitu wa Felton, kazi ya miaka minne. Akavaa miwani, akazipitia moja moja, akafika mwisho, akaanza upya. Kisha akauliza:

"Mwanangu, mbona miti yote umeikata vichwa?"

Kwa watu wa rika lake hilo ni kosa kubwa. Picha zake zote za maana, za harusi, za Idi, za sisi watoto wake tukiwa wadogo, zilipigwa studio, na mpigapicha wa studio hakubonyeza mpaka mtu ameenea kuanzia utosini hadi viatuni. Nikamweleza kwamba miti hiyo haienei.

"Si urudi nyuma?"

"Nikirudi nyuma, Mama, nagonga mti mwingine."

Akaziweka picha chini, akavua miwani. "Basi kesho nipeleke nikaione."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka minne nilikuwa nikihangaika na swali hilohilo bila kuliuliza waziwazi namna ile: kitu kisichoenea kinapigwaje picha? Sura hii ni jibu nililo nalo mpaka sasa, na sehemu kubwa ya jibu hilo nimeipata kwa sababu moja tu: msitu ule uko karibu na kwangu.

Kilomita kumi kutoka mlangoni

Naishi Santa Cruz, mji wa pwani ya California, kusini mwa San Francisco. Kutoka hapo barabara namba 9 inapanda milimani kwa kona nyingi ikifuatana na mto San Lorenzo, na baada ya kilomita kama kumi unafika Felton. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Henry Cowell, na ndani yake kipande cha msitu wa kale cha ekari 40. Njia ya kukizunguka haifiki kilomita moja na nusu. Mwenye haraka anaimaliza kwa dakika ishirini. Mimi naingia alfajiri, na saa nne asubuhi bado sijafika nusu.

Miti yenyewe ni misekwoya ya pwani. Wamarekani huiita kwa jina lenye maana ya mti mwekundu, kwa ajili ya rangi ya magome na mbao zake. Huota katika ukanda mwembamba wa dunia hii, kutoka pembe ya kusini ya Oregon hadi kusini mwa Monterey, urefu wa kilomita 750 hivi, na ni nadra kuikuta mbali na bahari. Hakuna miti mirefu zaidi yake popote. Ule mrefu kuliko yote, uliogunduliwa mwaka 2006 kaskazini mwa California na kupewa jina la Hyperion, umepita mita 115. Mrefu kuliko yote pale Felton una mita 84 hivi, unene wa karibu mita 5, na umri unaokadiriwa kufikia miaka 1,500. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipoanza kujengwa, katika karne ya 11, mti huo ulikuwa umeshaishi karne tano.

Nilihamia Santa Cruz mwaka 2014 nikiwa na kamera nzuri, na kwa miaka mitano niliupita msitu huo nikienda mbali. Nilikwenda Yosemite, nikaenda jangwa la Nevada. Niliamini kwamba picha kubwa humngoja mtu mwisho wa safari kubwa. Nilikuwa nafika mahali mara moja, kwa siku nilizopewa na likizo, nakuta jua la saa sita, napiga nilichokikuta, narudi nyumbani na picha ambazo maelfu ya watu walikuwa nazo tayari.

Juni 2019 safari moja ilinivunjikia siku ya mwisho. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeujaza mji kiasi kwamba kutoka dirishani kwangu sikuliona gati. Kwa kuwa mkoba ulikuwa umeshafungwa, niliendesha gari mpaka Felton. Nilikuta mashina yamesimama katika weupe, moja baada ya jingine, kila moja likififia kuliko la mbele yake, na hakukuwa na mtu mwingine. Nilipiga picha sita, na hadi leo nne kati ya hizo ziko ukutani kwangu.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nachungulia dirishani. Gati likionekana, napika chai. Lisipoonekana, nachukua mkoba. Anayeufuata msitu huu kwa ndege kutoka New York hana nafasi hiyo, maana ukungu haupangiwi tarehe. Mimi nimekwenda huko zaidi ya mara mia mbili, na kati ya hizo labda asubuhi ishirini zimenipa picha za kuweka.

Mvua inayotoka mtini

Pwani ya California haipati mvua za kiangazi. Kati ya Mei na Oktoba mtu anaweza kukaa wiki baada ya wiki bila kuona tone. Basi mti wa mita 84 unaishi kwa maji gani miezi yote hiyo?

Sehemu yake hutoka baharini. Upepo wa kaskazini magharibi huyasukuma maji ya juu kuyatoa pwani, maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake, na hewa yenye unyevu inapopita juu ya baridi hiyo hugeuka ukungu. Usiku ukungu huingia mabondeni. Majani madogo ya msekwoya huunasa, vitone huungana na vitone, vikawa matone, yakadondoka kwenye mizizi. Mtafiti Todd Dawson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyapima maji hayo, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 1998 ilionekana kwamba karibu theluthi moja ya maji yote yaliyoufikia msitu aliouchunguza kwa mwaka yalitokana na ukungu. Ndiyo maana asubuhi ya Julai unaweza kuacha gari kwenye lami kavu, ukaingia msituni ukanyeshewa. Mpigapicha hulijua jambo hili kwa kitambaa chake: kila baada ya picha mbili tatu, lenzi inafutwa.

Ukungu unaounywesha mti ndio huohuo unaomsaidia mpigapicha. Jua kali likipenya kwenye paa la majani hutupa mabaka meupe juu ya weusi, na hakuna kamera inayoweza kuvishika vyote viwili kwa pamoja. Ukilinda weupe, vivuli vinakuwa shimo. Ukifungua vivuli, weupe unaungua, na picha iliyoungua haina dawa. Ukungu hufanya kazi ya kile kitambaa cheupe ambacho watu wa studio hukitundika mbele ya taa: mwanga unatawanyika, unafika kila mahali, hauna makali. Tena hutenganisha. Katika mwanga wa kawaida mashina ishirini yanabanana yakawa kitu kimoja cha kahawia. Ndani ya ukungu, shina la mbele ni jeusi, la pili kijivu, la tatu rangi ya moshi, la nne huna hakika kama umeliona.

Kwa wanaotaka kujaribu, nitaeleza ninavyofanya. Kamera iko juu ya tripodi, ISO 100, tundu la lenzi f/11, na shata hukaa wazi sekunde tatu, nne, wakati mwingine kumi. Kipimamwanga cha kamera hudanganyika na ukungu: kinaona weupe mwingi, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na picha inatoka na rangi ya jivu. Kwa hiyo naupa mwanga mara mbili ya ule kinaoutaka, kisha natazama kama kuna mahali pameungua. Mbele ya lenzi nafunga filta ya kuondoa mng'ao. Majani yaliyolowa hung'aa kama bati, na filta hiyo ikizungushwa kidogo, mng'ao unaondoka na kijani chenyewe kinatokea.

Hizo sekunde nne zilinifundisha jambo. Kwa makangaga yaliyo chini ya miti, sekunde nne ni muda mrefu: pumzi ndogo ya upepo inayatikisa na kwenye picha yanakuwa kama moshi wa kijani. Kwa shina la msekwoya sekunde nne si kitu. Mwanzoni nilizitupa picha zote zenye makangaga yaliyotikisika. Siku hizi nazihifadhi baadhi, zile ambazo ndani ya fremu moja unamwona anayeishi misimu michache akitikisika miguuni pa aliyeishi karne kumi na tano, ametulia.

Kichwa na miguu

Turudi kwenye swali la Mama. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye mti wa mita 84 ukainua kamera, ncha ya mti iko mbali nawe zaidi ya mara nane kuliko shina lake. Kilicho mbali huonekana kidogo. Kwa hiyo lenzi pana, ambayo kila mgeni huikimbilia akifikiri itaumeza mti mzima, inatoa picha ya kitu kinene chini na chembamba kama sindano juu, huku mashina ya pembeni yakiinama kana kwamba yanataka kuanguka katikati. Mti umeenea, lakini ukuu wake umepotea. Ukimwonyesha mtu ambaye hajafika, ataona mnazi.

Yupo aliyeupiga picha msekwoya mzima kuanzia kichwani hadi miguuni. Mpigapicha Michael Nichols aliifanya kazi hiyo kwa ajili ya jarida la National Geographic, likaitoa Oktoba 2009. Mti wake uko katika Hifadhi ya Prairie Creek, kaskazini mwa California, una urefu wa mita 90 na zaidi na umri usiopungua miaka 1,500. Kamera tatu zilifungwa kwenye mtambo, mtambo ukateremshwa kwa kamba kutoka juu hadi chini, ukipiga picha hatua kwa hatua. Picha 84 ziliunganishwa zikawa moja, na jarida lililazimika kuichapisha kwenye ukurasa wa kukunjua. Wapandaji walio kwenye matawi wanaonekana kama sisimizi. Naiheshimu sana picha ile, na naijua gharama yake: timu ya watu, kamba, wapandaji stadi, na wiki za kazi kwa mti mmoja.

Mimi nina tripodi na miguu yangu. Kwa hiyo ilibidi nijifunze kuchagua.

La kwanza nililochagua ni kuacha lenzi pana nyumbani na kuchukua ndefu. Lenzi ndefu inayasogeza mashina karibu, inaonyesha unene wake kwa kuyapanga moja nyuma ya jingine, na inaondoa anga, ambalo msituni ni doa jeupe lisilo na faida. La pili ni kuyaacha mashina yaingie kutoka ukingo wa chini wa picha na kutokea ukingo wa juu, bila mwanzo wala mwisho. Jicho la mtazamaji likikosa kichwa na miguu, linaimalizia picha lenyewe, na mara nyingi linaimalizia kwa ukubwa kuliko ambavyo kamera ingeweza.

La tatu ni kuinama. Chini ya miti hii unatandaa mmea wenye majani matatu, kila jani na umbo la moyo, unaoweza kuishi kwa mwanga mdogo mno. Jua kwake ni hatari. Mwale ukipenya na kuugusa, majani yanakunjwa kama mwavuli ndani ya dakika chache, na kivuli kikirudi yanafunguliwa tena. Asubuhi moja nilipiga picha mbili za eneo dogo lisilozidi ukubwa wa msala, dakika sita kati ya moja na nyingine. Katika ya kwanza majani yamelala wazi, bapa, kijani kitupu. Katika ya pili yameinamisha vichwa yote, na mwale wa jua umepita katikati yao. Nilikuwa pale nikingoja kwa sababu siku tatu mfululizo nilikuwa nimeona kwamba katika wiki ile mwale ule unafika mahali pale saa tatu kasoro robo. Mgeni wa siku moja angewezaje kulijua hilo?

Mpigapicha aliyezuiwa

Kila ninapofungua tripodi pale Felton namkumbuka Andrew Hill.

Oktoba 1899 moto mkubwa ulizuka katika milima ya Santa Cruz. Maji yalipokosekana, watu walitumia mvinyo wa kiwanda cha jirani kuuzima, na kwa ajili ya kisa hicho jarida moja la Uingereza likataka habari yenye picha. Kazi ikapewa Hill, mchoraji na mpigapicha wa San Jose. Ili kuikamilisha alikwenda Felton kupiga picha misekwoya. Alipomaliza, mwenye msitu alimtaka atoe vioo vyake vya picha, kwa hoja kwamba miti ile ni mali binafsi na haipigwi picha bila idhini. Hill hakuvitoa. Aliondoka na hasira, na njiani hasira ile ikazaa wazo: miti ya namna hii ingepaswa kuwa ya watu wote.

Lazima niseme haki ya upande wa pili. Familia iliyoumiliki msitu wa Felton tangu mwaka 1867 iliugeuza mahali pa mapumziko, reli ikaleta watalii, na watalii wakalipa kuiona miti ikiwa imesimama. Ndiyo sababu ekari zile 40 bado zipo. Milima yote ya kuzunguka ilikuwa ikikatwa. San Francisco ilijengwa kwa mbao za misekwoya, na baada ya tetemeko na moto wa mwaka 1906 ikajengwa tena kwa mbao hizohizo. Leo imebaki takriban asilimia 5 ya msitu wa kale wa misekwoya ya pwani uliokuwapo kabla ya misumeno.

Hill alielekeza macho Big Basin, bonde lililo kilomita ishirini na kitu kutoka Felton, ambako msitu wa kale ulikuwa bado umesimama na wakataji walikuwa hawako mbali. Mwandishi Josephine McCrackin, ambaye nyumba yake iliteketea katika moto ule wa 1899, aliandika gazetini Machi 1900 kuwaamsha watu. Mwezi Mei kundi la wanaume na wanawake liliingia bondeni, Hill akiwa na kamera yake ya vioo, na tarehe 18 wakaunda chama walichokiita Klabu ya Sempervirens, kwa jina la kisayansi la mti wenyewe, Sequoia sempervirens, yaani wenye kuishi daima. Picha za Hill zikapelekwa kwa wabunge wa jimbo, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga Big Basin. Mwaka 1901 bunge liliidhinisha dola 250,000, na mwaka 1902 ekari 3,800 zikawa mali ya umma. Big Basin ndiyo hifadhi kongwe kuliko zote za jimbo la California. Msitu wa Felton nao ulinunuliwa na serikali ya kaunti mwaka 1930, na tangu mwaka 1954 ni sehemu ya hifadhi ya jimbo. Leo siombwi idhini na mtu ninapopiga picha pale aliposimama mtu aliyezuiwa.

Kisa hiki kimebadilisha namna ninavyoihesabu kazi yangu. Wabunge wale waliombwa fedha kwa ajili ya kitu wasichokijua. Picha ndizo zilizoupeleka msitu mezani kwao, nazo pia hazikuwa picha za mti mzima. Zilikuwa za mashina, za mapango ndani ya mashina, za watu wadogo wamesimama mbele ya mashina. Hata hivyo zilitosha.

Majivu juu ya gari

Alfajiri ya tarehe 16 Agosti 2020 radi zilipiga pwani yetu bila mvua. Ndani ya siku chache moto ulikuwa umeungana na kushuka mabondeni. Watu wa Felton waliamriwa kuhama. Mimi nilikuwa mjini Santa Cruz, na kila asubuhi nilifuta majivu juu ya kioo cha gari. Baadhi yake yalikuwa vipande vya majani ya msekwoya, vyeusi, vyenye umbo kamili, ambavyo vilivunjika vilipoguswa. Usiku nilikaa na picha zangu kwenye kompyuta nikizipanga kwa tarehe, nikijua kwamba huenda zikawa ndizo zilizobaki.

Moto haukuifikia miti ya kale ya Felton. Big Basin, msitu wa Hill, uliungua asilimia 97. Zaidi ya ekari 86,000 ziliteketea kwa jumla, pamoja na nyumba nyingi za watu na jengo la mbao la makao makuu ya hifadhi, lililokuwa limesimama tangu miaka ya 1930.

Julai 2022 Big Basin ilifunguliwa tena kwa wageni wachache, nami nikaenda. Nilitegemea makaburi. Nilikuta mashina meusi kama mkaa, marefu, yamejaa machipukizi kuanzia chini hadi juu, kana kwamba kila mti umeota manyoya ya kijani. Gome la msekwoya linaweza kufikia unene wa sentimita 30, na halina utomvu wa kushika moto kama wa misonobari. Chini ya gome hilo kuna vichipukizi vilivyolala, vinavyongoja. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza miti ya Big Basin walichapisha matokeo yao: majani mapya yalitengenezwa kwa akiba ya sukari ambayo miti iliihifadhi makumi ya miaka iliyopita, na baadhi ya vichipukizi vilikuwa vimelala kwa karne nyingi. Mti ulikuwa umeweka akiba ya siku ambayo hakuna aliyejua kama itakuja.

Siku hiyo sikufikiria kukata vichwa wala miguu. Nilipiga picha shina moja, kimo cha kifua changu, nusu mkaa na nusu kijani. Ndiyo picha pekee ya Big Basin niliyoichapisha kwa ukubwa wa mlango.

Siku ya Mama

Siku iliyofuata jioni ile ya picha mezani, alfajiri, gati halikuonekana.

Mama alivaa sweta langu, akajifunga kanga yake ya kisutu juu yake, na njia nzima hakusema kitu. Tulipoingia msituni ukungu ulikuwa mzito na miti ilikuwa ikidondosha. Nilimwongoza polepole mpaka kwenye mmoja wa miti mikubwa. Aliinua uso kutafuta kichwa. Shina lilipanda, likapanda, likaingia katika weupe na kutoweka. Akaendelea kutazama, mkono umeshikilia kanga isidondoke. Kisha akausogelea, akaweka kiganja kwenye gome, na kwa sauti ya chini akasema:

"Shikamoo."

Nilikuwa na lenzi ya milimita 85. Nilirudi nyuma hatua nilizoweza, mpaka mgongo wangu ukagusa mti mwingine. Gome lilijaza fremu yote, kutoka ukingo hadi ukingo, mifereji yake ikishuka kama mvua. Chini, upande mmoja, alikuwa Mama, mdogo, kanga yake nyekundu na nyeusi ikiwa rangi pekee iliyokolea. Nilipiga moja tu.

Tulipokuwa tukirudi nilimsimamisha kwenye lango la chuo kikuu cha Santa Cruz, ambako matanuri ya kale ya chokaa ya Henry Cowell bado yapo. Hakuhitaji maelezo. Kwetu pwani matumbawe yamechomwa kwa kuni tangu enzi za mababu ili kupata chokaa ya kujengea. Alizunguka matanuri, akachungulia midomo yake, akauliza walichoma kwa kuni gani. Nikamwambia, misekwoya. Alitikisa kichwa. Cowell, mfanyabiashara wa chokaa, alichoma misitu mingi, na mwishoni mwanawe aliitoa ardhi iliyopakana na msitu wa Felton iwe hifadhi yenye jina la baba yake. Mama alisema afadhali mtoto alilipa deni.

Alipoondoka nilimchapishia picha ile moja ya mtini. Wiki mbili baadaye akapiga simu.

"Majirani wamekuja kuangalia picha. Wananiuliza, huo ukuta nyuma yako ni wa jengo gani?"

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia huo si ukuta, ni mti. Wakauliza, mti gani hauna kichwa?" Nilimsikia akicheka, na nyuma yake sauti za watu sebuleni. "Nikawaambia kichwa kipo, kiko juu kwenye ukungu, na mwanangu anakwenda kukitafuta kila asubuhi."

Niliweka saa ya kuniamsha, saa kumi na moja na nusu. Nilipochungulia dirishani, gati halikuwepo.